Kwa Nini Sitafuti Tena Sarafu Safi

Wakusanyaji wa sarafu wana desturi ya kuzipanga kwa usafi. Sarafu ambayo haikupita mikononi mwa watu, yenye kingo kali na herufi zilizosimama kama zilivyotoka mtamboni, huwekwa juu. Iliyolika uso kwa kushikwashikwa huwekwa chini. Na iliyotobolewa, kukatwa au kulehemewa kipete hutolewa kabisa katika hesabu, na kwenye orodha za bei huandikwa kuwa ina dosari. Nimeufuata mpangilio huo kwa sehemu kubwa ya miaka niliyoshughulika na sarafu hapa Tanga, na siwalaumu wanaoendelea kuufuata, kwa kuwa ndio unaoamua bei. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kukaa na masanduku yangu ndivyo ninavyoona kwamba mpangilio huo ulitungwa na watu waliozizoea sarafu ndani ya makabati ya vioo, wala si na watu wanaoishi mahali zilipotumika. Sisi wa pwani hii tuna nafasi ya kuuliza jambo ambalo mnunuzi wa Hamburg au London hawezi kulijua akiwa kwake, yaani sarafu hii ilikuwa ya nani, na ilimfanyia kazi gani.

Pwani ya Tanga na Pangani haikuwahi kukosa fedha za wageni. Kabla ya Wajerumani biashara kubwa ilihesabiwa kwa reale. Ilikuwapo reale ya mzinga, ile ya Kihispania yenye nguzo mbili, na ilikuwapo reale ya Sham, ambayo ni fedha ya Maria Theresa wa Austria. Hii ya pili imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, na tangu hapo imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo, kwanza Austria na baadaye hata Roma, London na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani za jirani hawakuitaka fedha yenye sura nyingine. Kwa hiyo mtu anayenijia kwa furaha akisema amepata reale ya mwaka 1780 hajaniambia lolote kuhusu umri wa sarafu hiyo, maana inawezekana ilipigwa wakati babu yake ni kijana. Baadaye rupia ya India iliisukuma reale pembeni, na kutoka Unguja zikavuka pesa, yaani sarafu ndogo za shaba, za Sultani Sayyid Barghash zenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299, ambao ni sawa na 1882. Hizo za mizani bado huonekana katika nyumba za watu wenye asili ya Pemba, na mara nyingi zimelika kiasi kwamba vitanga vya mizani havionekani tena.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake. Hiyo ndiyo kampuni ambayo miaka miwili kabla ilikodi forodha za mrima kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, ikajikuta katika vita na Bushiri bin Salim vilivyoanzia Pangani. Rupia yake ya fedha ilifuata uzito wa rupia ya India, gramu 11.66, ili mfanyabiashara wa Kihindi asipate sababu ya kuikataa. Upande mmoja ina Kaizari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya chuma iliyotuliwa na tai, na upande wa pili ina simba na mtende. Mimi huipenda zaidi pesa yake ya shaba. Ukiishika karibu na dirisha utaona tai wa Ujerumani pamoja na jina refu la kampuni na mwaka 1890. Ukiigeuza, hukuti hata herufi moja ya Kilatini. Kuna maandishi ya Kiarabu yanayosema kuwa ni ya kampuni ya Kijerumani, na mwaka wa Hijria 1307, vyote vikiwa vimezungukwa na shada la majani. Waliokuja kututawala walijua vizuri kwamba mtu wa Tanga mwenye elimu alisoma hati za Kiarabu, ingawa baadaye wengi wao waliandika kana kwamba walikuta watu wasiojua kusoma. Ushahidi huo wameuchapa wenyewe katika shaba.

Pesa 64 zilifanya rupia moja, na hesabu hiyo iliwafaa watu waliozoea kugawa vitu kwa nusu, kwa kuwa nusu rupia ni pesa 32, robo ni 16 na thumni ni 8. Mwaka 1904 Serikali ya Ujerumani ilichukua kazi ya sarafu mikononi mwake na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Thumni ikawa heller kumi na mbili na nusu. Ipo sarafu ya nusu heller, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliyopigwa kati ya 1904 na 1906 tu, na kila nikiitazama huwafikiria wauza samaki wa enzi hizo waliotakiwa kubadili hesabu zao zote kwa amri. Kwa wakati huo kodi ya kibanda ilikwisha kuanza. Ilianza kutozwa mwaka 1898, na kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Ndiyo iliyoifikisha sura ya Kaizari katika nyumba ambazo hazikuwa na haja yoyote naye, na ndiyo iliyowasukuma wanaume wengi kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na katika ujenzi wa reli.

Sasa nieleze rupia iliyonibadilisha mawazo. Miaka mingi iliyopita nilipelekwa kwa bibi mmoja wa Ngamiani ambaye nilisikia ana fedha za Mjerumani. Nilibisha hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniita mwanangu, kisha akanikalisha kwenye mkeka na kuniacha ningoje mpaka chai ikawiva. Alichonionyesha kilikuwa rupia moja ya kampuni, ya mwaka 1891, iliyolehemewa kipete na sonara na kutiwa kwenye mkufu mwembamba. Kwa orodha za bei, hiyo ni sarafu iliyoharibiwa. Lakini nilipoigeuzageuza niliona kwamba upande wa Kaizari umelika hadi kofia yake imebaki kama doa, ilhali upande wa simba bado unaonyesha manyoya ya shingoni. Sarafu iliyotumika sokoni hulika pande zote mbili kwa kadiri moja. Hii ilikuwa imelikia kifuani mwa mtu, kwenye ngozi na kwenye nguo, na aliyeivaa aliigeuza makusudi ili simba aangalie nje.

Nilimuuliza kwa nini ilivaliwa hivyo.

“Sasa mwanangu,” akasema, “nani atamtembeza Mzungu kifuani mwake mbele za watu?”

Alinieleza kwamba rupia hiyo ilikuwa ya bibi yake mzaa mama, aliyepewa na mume wake aliyefanya kazi ya kutandika reli kuelekea Korogwe. Reli hiyo ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, kwa hiyo maelezo yake na tarehe ya sarafu havikupingana. Hakutaka kuiuza, nami sikumsumbua. Niliandika aliyoyasema, nikamsomea, akanirekebisha jina la kijiji, nikaaga. Alipofariki, wajukuu wake waliniletea rupia ile wao wenyewe, kwa sababu walikumbuka kwamba mimi ndiye niliyeandika habari zake.

Tangu hapo kila sarafu inayoingia kwangu ina bahasha yake ya karatasi, na juu ya bahasha huandika ilikotoka, aliyenipa alikuwa na uhusiano gani na mwenye nayo wa kwanza, na maneno aliyoyasema bila kuyapamba. Pale mtu anaposema jambo lisiloingia akilini huliandika vilevile, na pembeni huweka alama yangu ya shaka. Wenzangu wengine huniona mtu wa makaratasi, na pengine ni kweli, kwa kuwa nilifanya kazi ya ukarani wa mishahara katika shamba la mkonge upande wa Muheza hadi nilipostaafu, na karani haachi tabia zake getini.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipa kundi la sarafu ninalolifahamu vizuri kuliko yote, nalo ni senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walileta florini mwaka 1920, ambayo haikudumu, kisha shilingi kuanzia 1921, yenye simba na milima nyuma yake. Senti moja, senti tano na senti kumi zilitobolewa katikati tangu mtamboni, na wafanyakazi wengi walizitunga kwenye kamba, jambo la busara kwa mtu anayevaa shuka isiyo na mfuko. Wazee wa shambani walinisimulia habari za kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi ambayo mtu hakulipwa mpaka ameijaza, na jinsi siku ya malipo kamba ya mkata mkonge ilivyokuwa ikilia akitembea.

Katika kamba hizo zimo senti tano na kumi za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alishika kiti Januari mwaka huo na kukiacha Desemba kabla hajatawazwa, na kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikutolewa kwa matumizi ya umma. Kwetu sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme yeyote, zilibeba jina na taji tu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kungoja picha yake ichongwe, nazo zikapigwa na kusafirishwa kama kawaida. Waingereza wenyewe hawakupata kununua mkate kwa fedha yake, ilhali mkata mkonge wa Pongwe alinunulia muhogo. Sarafu hizo si adimu na bei yake ni ndogo, nami sijawahi kuona sababu ya kuwaficha wauzaji kwamba ninazo nyingi.

Kinyume chake ni sarafu za Tabora, ambazo kila mtu anazitaka. Baada ya manowari za Waingereza kuifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani hazikufika tena, na mwaka 1916 mafundi wa karakana ya reli ya Tabora wakapiga sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba waliyoweza kuipata, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zote zina herufi T. Wakusanyaji hubishana kuhusu ukubwa wa taji na umbo la ncha za herufi L katika neno heller, na kila tofauti ina bei yake. Mabishano hayo yana faida, kwa maana yanaonyesha kwamba mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, lakini kinachonivutia mimi ni namna heller 20 zilivyokatwa vibaya, picha ikiwa imekwenda upande, unene haulingani, na mahali pengine muhuri umepasuka. Unaona kabisa kwamba ni kazi ya watu wa reli waliokuwa na haraka. Rupia 15 ya tembo nimeiona, sijawahi kuimiliki, na wala sina kiu nayo. Bandia zake ni nyingi. Anayeletewa aanze kwa mizani ya sonara, kwa kuwa ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kitu kidogo, na akiona imepungua hata nusu gramu asipoteze muda wa kuvaa miwani.

Kuhusu kusafisha, nitasema kwa ufupi kwa sababu watu hawasikii. Ndimu na majivu vinafaa sinia na birika. Sarafu ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu hung'aa kwa wiki mbili, kisha hurudi ikiwa na rangi ya nyama mbichi isiyopendeza, na ule weusi wa miaka mia moja uliokuwa ukiilinda umekwenda na maji. Hapa Tanga hewa ina unyevu na chumvi, na adui yetu ni ule ukungu wa kijani unaoanza pembeni mwa herufi. Mifuko ya plastiki laini huuzidisha. Karatasi kavu, sanduku linalofunga vizuri na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinatosha, ilimradi vibadilishwe. Sarafu ishikwe kwa kingo zake.

Kila baada ya muda huja kijana kunionyesha heller ya kawaida aliyoambiwa kwa simu kwamba thamani yake ni mamilioni, na kwamba mnunuzi yuko tayari ila kwanza itumwe ada ya uthibitisho. Humwonyesha sanduku langu lenye heller za namna hiyohiyo, zilizopigwa kwa mamilioni na ambazo hakuna anayezigombania, na baadhi yao huondoka wakiamini kwamba mimi ndiye ninayetaka kuwadhulumu. Wengine wamechimba kando ya majengo ya zamani wakitafuta hazina ya Mjerumani, na wamefanikiwa kudhoofisha misingi ya kuta. Hao huwakumbusha kwamba kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa, na kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kwa sababu hiyo sinunui sarafu za Kilwa, wala chochote kinachosemekana kimetoka kwenye magofu ya Tongoni, hata kama aliyekileta ni mtu ninayemheshimu.

Na hizo sarafu za Kilwa ndizo zinazoonyesha vizuri kuliko zote ninachojaribu kusema. Ni vipande vidogo vya shaba, vyenye majina ya masultani yaliyoandikwa kwa vina, upande mmoja ukijibizana na mwingine. Ukivitia kiganjani bila kujua vilikotoka, hutavitofautisha na vikorokoro vingine vya shaba. Lakini mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota vitano kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, maelfu ya kilomita kutoka Kilwa, na ingawa alivihifadhi tu nyumbani mpaka vilipotambuliwa mwaka 1979, alikumbuka mahali alipovipata na kupaweka alama kwenye ramani. Wataalamu hawajamaliza kubishana vilifikaje huko. Kingine, chenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala Kilwa mwaka 1331, kilipatikana Zimbabwe Kuu, na kimekuwa ushahidi wa biashara ya dhahabu iliyouunganisha mji ule na pwani yetu. Shaba yenyewe ingeweza kutengeneza kifungo cha kanzu. Kinachowasumbua wanazuoni ni mahali ilipolala.

Sarafu za Jamhuri nimezikusanya kwa utulivu zaidi, kwa kuwa nilizitumia mwenyewe. Zilianza mwaka 1966 pamoja na Benki Kuu, zikiwa na Mwalimu Nyerere upande mmoja: senti tano ya pembe kumi na mbili yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Vijana wanaotumia shilingi 200 ya Mzee Karume yenye simba hawaamini kwamba senti tano ilinunua kitu. Hizi nazo nimeanza kuziandikia bahasha, ingawa wanaonitembelea hucheka wakiona maelezo ya senti ishirini yamejaza ukurasa.

Sehemu kubwa ya sanduku langu la zamani haina maelezo yoyote. Ni sarafu safi nilizonunua Dar es Salaam na kwa watu waliokuwa wakipita, na zingempendeza mkusanyaji yeyote. Nimezitenga, na sasa ndizo ninazozitumia kubadilishana. Mwaka huu nilitoa rupia ya 1904, nzuri kabisa, iliyopigwa Berlin na ambayo ilikuwa haijatumika, nikapokea kamba ya katani yenye senti kumi na senti tano zilizochakaa za familia moja iliyokaa kambi ya shamba kwa vizazi vitatu, zikiwa zimetungwa kama mwenye nazo alivyoziacha, fundo likiwa halijafunguliwa. Mjukuu wake alikaa nami alasiri nzima akieleza nani alilipwa nini na deni la duka lilikatwaje kabla fedha haijafika mkononi. Maelezo hayakuenea kwenye bahasha, nikayaandika kwenye daftari. Mwenzangu wa Dar es Salaam, ambaye tumekuwa tukibadilishana sarafu tangu ujanani, nilipompigia kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile rupia ya 1904 nilikuwa bado naweza kuirudisha. Mpaka leo anashikilia kwamba nilipunjwa.